Tangi Jipya

Kitengela, Aprili 2021

Baba Elsie,

Sisi tuko salama. Tangu uende matanga Bungoma na barabara zikafungwa kwa sababu ya korona, nimetulia kwa nyumba na cherehani yangu. Elsie amejua kupika chapati.

Simu nilikata kwa sababu mtoto alikuwa anasikia. Yaani ndugu yako wa Embulbul anapita hapa, anaona tangi jipya la maji, na wewe unaniuliza ni mwanaume gani amelinunua! Huna haya?

Pesa ni ya kushona, ile ile ya siku zote. Tofauti ni kwamba siku hizi, Ijumaa ikifika, hakuna mtu wa kuninyang'anya akanywe. Kwa hivyo huyo mwanaume ni wewe. Umelinunua kwa kutokuwa hapa.

Salimia mama. Barabara zikifunguliwa, usiharakishe.

Lorine