Maswali Arobaini ya Kupimia Mashine

Jumatatu, 2 Juni

Daftari, niwie radhi. Wiki saba sijakufungua. Si ugonjwa wala si uvivu – nimepata kazi! Mstaafu wa miaka sita, na bado kuna mtu anayeyahitaji macho yangu.

Kazi yenyewe niieleze vizuri, maana hata mke wangu ananiuliza ninakwenda kufanya nini huko. Hospitali ya watoto ina chumba cha wauguzi wanaojibu jumbe za simu za wazazi: mtoto ana homa, mtoto amemeza kifungo, mtoto hanyonyi. Hospitali nyingine kumi na moja zina vyumba kama hicho. Kuanzia tarehe mosi Julai jumbe zote zitajibiwa na mashine moja, ile programu inayoandika kama mtu. Wauguzi watarudi wodini, simu zao zitafungwa. Mimi nimeajiriwa kuyahakiki majibu ya mashine: yafahamike, yasipotoshe. Hati ya kuipokea ina nafasi mbili za sahihi, ya mpimaji na ya mhakiki. Mhakiki ni mimi.

Mpimaji ni mpwa wangu. Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka tisa. Yuko katika kampuni inayoiuza mashine, bado kwenye miezi ya majaribio. Mwisho wa mwezi huu ataajiriwa moja kwa moja au ataachwa. Ndiye aliyenipendekeza.

Leo alituonyesha matokeo. Wanaita kupima mzigo: kompyuta moja inajifanya wazazi mia sita wanaouliza kwa wakati mmoja, mashine inajibu, saa inahesabu. Mia sita! Na kila jibu, kwa wastani, chini ya sekunde moja. Mstari wa kijani ukutani, umetulia kama maji ya mtungi. Watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini na moja. Darasa zima likipata tisini, huuliza kwanza nani alikaa karibu na nani.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kwenye chumba chao cha vipimo. Hakina dirisha. Kipoza hewa kinadondosha maji kwenye ndoo ya rangi. Bosi wao – wauguzi wamembandika jina Meno, kwa kuwa hacheki, anaonyesha meno tu – alinipokea kwa mikono miwili. Mzee wetu karibu, mzee akae, mzee aletewe maji. Nilipoomba kuona majibu yenyewe badala ya mstari wa kijani, meno yalibaki, macho yakaondoka. Alisema majibu ni elfu kumi na nane, nitajiumiza macho bure.

"Macho ni yangu," nikamwambia.

Mpwa wangu alikuwa ameinamia kibodi. "Nitakuchapia baadhi, Mjomba."

"Usinichagulie. Nataka saa nzima, ile yenye mzigo mkubwa kuliko zote."

"Sawa."

Amesema sawa haraka mno. Mtoto huyu akiwa na jambo huitikia kabla hujamaliza.

Jumatano, 4 Juni

Karatasi hazijaja. Nimeambiwa printa imeishiwa wino. Nikaenda kuiangalia. Ilikuwa inachapa barua za Meno, nyeusi tititi!

Alhamisi, 5 Juni

Zimekuja. Kurasa mia mbili na kumi. Nimezisoma sebuleni tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi, kalamu nyekundu mkononi. Mke wangu alipita mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu, hao wanafunzi wako wa leo hawana hata miili. Ukiwafelisha watamlilia nani?" Sikucheka. Alipotoka nikacheka.

Majibu ni mazuri. Hapo ndipo shaka ilipoingia. Swali la kumi na saba, la mtoto wa miezi minane anayeharisha tangu jana, nimelikuta mara kumi na moja katika kurasa tisini za kwanza. Mara zote jibu ni lilelile, neno kwa neno. Hata pale lilipojikwaa na kutaja "maji safi na salama" mara mbili katika sentensi moja, limejikwaa mara kumi na moja! Mashine hii nikiiuliza mwenyewe haijirudii hivyo. Hubadilisha maneno kama mpiga soga. Na pembeni pameandikwa muda: jibu la kwanza sekunde tisa, mengine kumi robo sekunde kila moja.

Watahiniwa wawili wakikosea sawasawa, wameangaliziana. Kumi na moja je?

Nimempigia mpwa wangu. Nikamwambia mashine inanakili. Akasema: tuongee kesho, Mjomba, siyo kwenye simu.

Siyo kwenye simu! Mtu asiyeficha kitu hasemi hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Tumekaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali, karibu na mapipa ya taka. Alikuja na chai mbili kwenye vikombe vya karatasi. Yangu alikuwa ameshaitia sukari – anakumbuka kiasi. Hata hilo nililitilia shaka.

Anasema mashine ina akiba. Swali ikishalijibu mara moja, huliweka jibu. Swali likirudi vilevile, hutoa lililowekwa, haifikiri upya. Si wizi, anasema, seva nyingi hufanya hivyo.

"Ni kama wewe na visa vyako vya chuo cha ualimu, Mjomba. Hufikiri tena, unabonyeza tu vinatoka."

Nilimkazia macho. Akaacha utani.

"Kwa hiyo mmempa mtahiniwa mtihani uleule mara elfu kumi na nane?"

"Maswali arobaini. Yanazunguka."

"Ni mjinga gani aliyewapa maswali arobaini tu?"

Alikunywa chai. Hakutaka kusema, hilo nitamshuhudilia. Mwishowe akasema, "Ni wewe, Mjomba."

Ni kweli. Ee Mola, ni kweli. Jana nilikodolea majibu tu, maswali yangu mwenyewe sikuyatambua. Mwezi Aprili aliniletea bahasha ya jumbe halisi za wazazi, elfu mbili, majina yamefutwa. Nilisoma ukurasa mmoja nikamrudishia. Maneno yamekatwakatwa, hakuna nukta, habari inaanzia katikati. Nikasema jina langu halikai chini ya takataka kama hizo. Nikatunga maswali arobaini, mafupi, safi, kila moja na alama yake ya kuuliza. Alisema hayatoshi. Nikamjibu kwamba arobaini yaliyonyooka ni bora kuliko elfu mbili za hovyo. Akanyamaza. Nani alimfundisha kunyamaza mjomba wake akishasema? Ni mimi.

Nikamuuliza kama Meno anajua. Akasema Meno anajua mstari wa kijani, basi. Na wewe, umejua tangu lini? Tangu wiki ya pili ya vipimo. Kisha akaviokota vikombe vyote viwili, changu kikiwa bado na chai.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda mwenyewe kuiomba ile bahasha. Sista Mkuu, msimamizi wa wauguzi wa simu, alinipa huku akisema, "Eh! Leo Mwalimu amekubali wali wenye mchanga?" Nilistahili.

Nimesoma nikiwa nimekaa katikati yao, simu zikilia kila upande. Ujumbe mmoja nimeunukuu jinsi ulivyo: *mtt jana alikua sawa tu akacheza na wenzie jion akakataa kula nikajua uchovu sasa macho yamegeuka juu mkono unarukaruka nije au nisubiri asubuh*. Muuguzi aliyeujibu bado yupo. Anasema alijibu ndani ya dakika moja: usisubiri, mlaze ubavu, njoo sasa hivi. Nikamuuliza aliwezaje kuuelewa haraka hivyo. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu. Macho yamegeuka juu."

Jumbe zikijazana, anasema Sista Mkuu, mmoja wao huzipitia zote upesi na kumtoa mbele aliye hatarini. Mashine haina huyo wa kumtoa mbele. Kila mtu atangoja zamu yake. Ndiyo maana lazima iwe ya haraka kwa wote.

Mchana tumerudia kipimo, mimi na mpwa wangu, Meno hayupo. Jumbe zote elfu mbili, hakuna unaojirudia. Wazazi hamsini kwa pamoja: salama. Mia moja: mstari ukaanza kupanda. Mia na hamsini: jibu moja sekunde arobaini na mbili. Mia mbili: nyekundu tupu. Majibu yanakatika katikati, mengine hayaji kabisa.

Nikauliza asubuhi ya Jumatatu, kwa hospitali zote kumi na mbili, huandika wangapi kwa pamoja. Mpwa wangu alijibu bila kugeuka. "Mia tatu hawakosi."

Akachapa karatasi moja ya matokeo, akanipa. Sikumwomba. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ikifika mezani, yeye amekwisha. Hakuniomba nisiipeleke. Angeniomba, ningejua la kumjibu.

Jumapili, 8 Juni

Nimemweleza mke wangu yote. Alikuwa anakunja nguo. Akasema huyo ni mtoto wa dada yako, huna mwingine. Akakunja mashati mawili. Kisha: "Na hao wa kwenye simu, ni watoto wa dada za nani?"

Nilimwambia achague upande mmoja. Akasema sahihi si yake.

Jumatatu, 9 Juni

Saa nne kasorobo. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano. Nimekuja nawe, daftari, jambo nisilolifanya kamwe, kwa sababu mikono inahitaji kazi.

Katibu amenipa hati niisome wakati nasubiri. Watumiaji mia sita kwa pamoja, muda wa jibu chini ya sekunde moja. Chini yake, sahihi ya mpwa wangu. Mwandiko nilioufundisha mwenyewe kwa rula. Tarehe: leo.

Leo! Si Ijumaa, si wiki iliyopita. Ameisaini baada ya kuiona nyekundu kwa macho yake!

Amekaa benchi la mkabala. Shati limepigwa pasi. "Shikamoo, Mjomba." Marahaba. Basi. Anautazama mkoba wangu, humo mna karatasi ya Jumamosi. Je, Meno amembana? Au amesaini kwa kuwa anaamini nitanyamaza, damu ni nzito? Au – shaka hii imenijia sasa hivi na haitoki – amesaini akijua kwamba nitakataa, ili nifanye mimi aliloshindwa yeye? Karatasi alinichapia mwenyewe. Hakulazimishwa.

Nami nijikague kama ninavyowakagua wengine. Nikiitoa, swali la kwanza litakuwa nani aliyetunga maswali arobaini. Naweza kusema ni kampuni. Hakuna hati inayonitaja. Mpwa wangu hatanitaja pia, namjua, atabeba peke yake. Tangu Ijumaa najiambia ninachoogopa ni kazi yake. Ni nusu ya kweli.

Sista Mkuu amepita na katoni, simu nne ndani, waya zinaburura sakafuni. Tarehe mosi bado wiki tatu, lakini wameambiwa waanze. Akasimama mbele yangu.

"Mwalimu, tuendelee kuchomoa au tungoje?"

"Ngojeni."

"Tungoje mpaka lini?"

Nikautazama mlango wa mkutano. Ameiweka katoni chini, palepale miguuni pangu, akasimama. Mpwa wangu ameinua uso. Ametazama simu, kisha mimi.

Mlango umefunguliwa. Meno ananiita kwa mkono, mzee wetu karibu, karibu. Nitakachoamua nitakiandika hapa leo hii kabla sijala. Na kikiwa cha aibu, jina la kwanza kwenye ukurasa litakuwa langu, siyo la mtoto. Anaita tena, nanyanyuka –