Uji wa Alhamisi

Nalongo,

Nimekaa upande wako wa meza, kwa sababu upande wangu umejaa sufuria. Binti yetu Nakato akija Jumamosi atanigombeza. Anataka nihamie kwake Ntinda. Anasema nyumba yetu hapa Wandegeya imezungukwa na hosteli hadi haina hewa. Ni kweli kidogo. Hosteli ya upande wa juu imeongezwa ghorofa tangu uondoke, na sasa ukisimama mlangoni kilima cha hospitali hukioni tena. Unaona nguo za wanafunzi tu, zimeanikwa kama bendera za mataifa. Ungecheka.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndicho tulichoanza nacho. Wewe binti wa polisi, Mteso uliyekulia kambini. Mimi Msamia wa Busia niliyekuja kufundisha jiografia katika shule uliyofundishia hesabu. Luganda tulijifunza baadaye, sokoni na kanisani. Hata haya majina tunayoitana tulipewa na majirani siku pacha wetu walipozaliwa: wewe Nalongo, mimi Ssalongo. Lakini kugombana, kuomba na kunong'onezana tulifanya kwa Kiswahili. Kukuaga kwa lugha nyingine siwezi.

Nataka kukupa habari za Mzee Ramadhani.

Siku zako za mwisho ulikuwa umelala chumba cha mbele, ulikotaka mwenyewe ili usikie watu wakipita, nami nakulisha kwa kijiko. Ukasema, "Yule mzee wa kitanda cha dirishani kule wodini asisikie kwa wapita njia. Nenda umwambie wewe." Nikajibu kwamba hakuna la kumwambia, utapona. Ukanitazama kama ulivyowatazama wanafunzi waliosema mbili mara tatu ni tano. Nikachota kijiko kingine.

Nakumbuka Alhamisi zako zilivyoanza. Tulikwenda kumwona mwalimu mwenzetu aliyelazwa, na kitanda cha pili alilala mwanamke asiyeweza kunyoosha mikono. Sahani yake ya chakula ilikuwa juu ya stuli, inapoa, na inzi wameshaikaribia. Najua haya unayajua, lakini unanijua pia: nisipoeleza siponi. Katika wodi zetu daktari anatibu na muuguzi anachoma sindano. Lakini kumwosha mgonjwa, kumlisha na kumgeuza ni kazi ya muuguzaji, yaani ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Asiye na ndugu anatazama dari. Alhamisi iliyofuata nikakukuta jikoni umeloweka ukwaju, unapika uji wa ulezi kama mama yako alivyoupika kwao, na themosi yetu ya wageni imefunguliwa.

Mimi nilikusindikiza mara chache, Biblia kwapani. Nilidhani tumegawana kazi: wewe uji, mimi Neno. Siku ile niliposimama katikati ya wodi nikaomba, nikaeleza nilichokuwa nikiomba, kisha nikaanza kuomba tena, ulinivuta mkono wa koti. "Ssalongo, Mungu hana haraka. Uji ndio una haraka." Wodi nzima ilicheka, hata yule kijana aliyefungwa taya, akawa anaugulia na kucheka kwa wakati mmoja.

Na yule mama wa kanisani kwetu aliyekukuta ukimlisha Mzee Ramadhani! Alikunong'oneza, lakini kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, kwamba mbona huyu ni Mwislamu. Hukugeuka hata. "Njaa yake ni ya dini gani?" ukauliza, ukaendelea na kijiko. Mzee mwenyewe alinihadithia hayo. Alisema tangu siku hiyo alianza kukuita dada.

Sasa nisikilize. Tuliporudi kutoka Busia kukuzika, kila Alhamisi nilikuwa na sababu. Mvua. Wageni wa matanga. Magoti. Sababu ya kweli ni kwamba niliweza kusema habari ile kwa simu, kwa barua, hata mbele ya kanisa zima, lakini sikujua nitaisemaje mbele ya mtu anayesubiri themosi yako.

Kisha nikakutana sokoni na mwanamke anayemuuguza mume wake katika wodi ile. Akaniuliza habari zako. Nilipomwambia, akaweka kikapu chini, akaomboleza. Halafu akaniambia lililobaki: mzee hali chakula. Yeye humgawia chakula cha mumewe, na mzee husukuma sahani. "Mimi nangoja dada yangu," ndiyo kauli yake. Wauguzi wamemkanya kwamba mfupa hauungi bila chakula. Mke wake alikwisha kufa, watoto hana; amemaliza nguvu zake akiendesha malori kutoka Bombo kwenda kila mahali penye barabara, na sasa ana dirisha lile na wewe. Nikamwomba yule mama asimwambie kitu. Nikasema nitakuja mwenyewe.

Nilipika uji. Usiniulize ulivyokuwa. Nikapanda kilima polepole, nikasimama pale kwenye ukuta wa mawe ulipokuwa ukihamishia themosi mkono wa pili, na mimi nikaihamisha, ingawa mkono haukuwa umechoka.

Mguu wake bado ulikuwa umeninginizwa kwa vyuma vya uzito. Amekonda, Nalongo. Mashavu yameingia ndani. Aliiona themosi kabla ya kuniona mimi, akatazama nyuma yangu, mlangoni.

Nikaanza kueleza. Nilianza na misimu, kwamba hata mvua za Machi zina siku ya kukoma. Nikaingia kwenye safari ya mwanadamu. Nilikuwa karibu kufika kwenye mito na bahari aliponiinulia kidole.

"Mwalimu, wewe unaongea mingi. Dada iko wapi?"

"Amefariki, Mzee."

Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema katika wodi ile. Alijifunika macho kwa mkono. Akasema maneno ya dini yake, yale ya kwamba sote tutarudi kwa Mungu, na mimi nikaitikia amina kwa sababu sikuona cha kupinga. Mgonjwa wa pili alizima redio yake. Nilijua akiikataa themosi hii hataikubali nyingine, wala mimi sitapanda tena kilima kile.

Kisha akauliza, mkono ukiwa bado machoni, "Nani alimulisha yeye?"

"Mimi."

"Na kijiko?"

"Na kijiko."

"Mpaka mwisho?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikakumbuka hanioni, nikasema, "Mpaka mwisho."

Akashusha mkono. "Basi kazi unajua. Leta."

Akafungua mdomo kama mtoto. Kijiko cha kwanza kilishuka. Cha pili alikizungusha mdomoni, akatoa kitu kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kokwa ya ukwaju. "Mwalimu! Uji yako iko na mawe! Dada hakukufundisha kuchuja?" Akacheka, machozi yakimshuka masikioni, nami nikacheka na kulia vilevile, na tukaendelea hivyo, yeye anameza na kutema kokwa, mpaka themosi ikaisha. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua sikuomba.

Hiyo ndiyo habari. Sasa anakula, hata sahani ya yule mama anayemuuguza mumewe anaipokea. Vyuma vimeondolewa na anajifunza kutembea kwa magongo, akiyafokea kama makuli wake. Kitanda kilicho karibu na mlango kimepata mtu mwingine asiye na mkeka chini yake. Nakato nimemwambia nitakula kwake kila Jumapili baada ya ibada, lakini nitaishi hapa, ambapo kilima kinapandwa kwa miguu.

Nakumbuka ulivyorudi zile Alhamisi, unavua viatu mlangoni, unaimba wimbo ule wa kanisa ambao hukujua ubeti wake wa pili, ukirudia wa kwanza tu. Nilikuwa nikikusahihisha. Alhamisi iliyopita nilijikuta naosha themosi nikiimba ubeti wa kwanza, na ulipoisha nikaurudia.

Kesho ni Alhamisi. Ukwaju nimeshauloweka, na chujio nimelifunga kwenye mkono wa sufuria nisilisahau. Pumzika, mke wangu, mama wa watoto wangu. Nitakwenda maadamu magoti yananibeba. Na hili nakuahidi, nawe unajua lilivyo gumu kwangu: nitaomba kwa ufupi.

Ssalongo wako