Picha ya Lusajo Haibanduki

Edmonton, London

Kaka Noel,

Shikamoo. Mgongo unaniuma kwa kubeba maboksi ghalani, lakini ile albamu ya familia uliyoniagiza kwa ajili ya Krismasi nimeimaliza. Binti yangu kanisaidia kukata na kubandika, huku akizicheka nywele zangu za siku ya kipaimara.

Ulisema picha ya Lusajo nisiiweke, eti ukoo ukikusanyika Desemba watauliza mtoto wa Mbeya anatafuta nini kwetu. Binti yangu hajui mambo yetu. Aliitazama akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mama, huyu mwenye masikio ya babu ni mjomba yupi?" Nikamwambia ni mdogo wangu, baba mmoja, mama mbalimbali.

Unaogopa atadai sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo. Baba alikuachia migomba, kaka, hakukuachia ruhusa ya kumfuta mwanawe.

Nimembandika ukurasa wa kwanza, amepakatwa na baba. Na Krismasi nimemwalika Lusajo mwenyewe, atakuja. Ukitaka kumchana, chana, lakini mikono ya baba imemkumbatia kifuani. Itaondoka naye.

Nisalimie wifi.

Dada yako,
Haika