Najibu Baada ya Saa Sita, Kama Mkubwa

Mpendwa Tantine Nicole,

Naomba ushauri wako hapo gazetini, shangazi yetu sote, maana usingizi umenikimbia. Mimi ni karani katika ofisi ya komini, serikali ya mtaa, hapa Kisangani, na ni mwanachama wa jukwaa moja la mtandaoni ambako watu wa mji tunauziana vitu, tunapeana habari na kutukanana kidogo, sasa mwezi uliopita Sadrack anayelisimamia akaweka chini ya jina la kila mtu muda anaochukua kwa kawaida kujibu ujumbe, na chini ya jina langu pakatokea "hujibu baada ya dakika moja", aibu gani hiyo, wakati mkuu wangu wa ofisi ni "siku mbili" na wote wanamwita Excellence, kama waziri. Wenzangu wakanicheka: "Gédéon, weye hauna kazi?" Donc, basi, nikaamua kupanda cheo. Nikawa nasoma ujumbe, nafunika simu kwa sufuria, nangoja. Mama aliuliza kutoka sokoni kama chumvi iko nyumbani, nikamjibu jioni, tukala pondu, majani yetu ya muhogo, bila chumvi, lakini muda chini ya jina langu ulifika saa tatu, kisha saa sita, Tantine, saa sita kama mkurugenzi!

Jumamosi mchana noko Cyprien, mjomba wa mchumba wangu Aurélie na msemaji wa familia yao, akaniandikia humohumo jukwaani: "Tumetoka Isangi, tuko kwa Aurélie hapa Lubunga, ng'ambo ya mto. Samaki iko kwa moto. Munavuka saa ngapi?" Niliusoma palepale, wazee wangu wameketi na suti zao tayari kupeleka mahari, mbuzi amefungwa mlangoni, nami nikawaambia tungoje kidogo, kwa sababu ningejibu upesi ningeshuka hadi saa tano. Nilipojibu giza lilikuwa limeingia na pirogi, ile mitumbwi ya kuvushia watu, zimesimama. Noko akaandika jukwaani mbele ya wote, "Bon, siku nyumba itaungua, huyu atatuitika kesho?" Kesho yake wakarudi kwao Isangi.

Leo asubuhi Aurélie ameniandikia: "Ungali unanitaka?" Nampenda sana, Tantine. Nitamjibu baada ya saa nane. Nifanye nini?

Gédéon, Makiso

Gédéon mwanangu,

Pole, lakini funga mdomo kidogo unisikilize. Mkuu wako hajibu kwa siku mbili kwa sababu hajali watu, nawe umekwenda kuiga ugonjwa ukidhani ni cheo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yalikuwa ya wakwe. Noko Cyprien hakuwa anatafuta Excellence. Alitaka kujua aandae sahani saa ngapi!

Ondoa sufuria juu ya simu, irudi jikoni kupikia. Mwombe mama yako msamaha. Jumapili mchukue baba yako na mbuzi huyohuyo, mpande boti hadi Isangi, upige magoti mbele ya noko useme umekosa. Hiyo habari ya kushuka hadi saa tano usiitaje kabisa, atadhani umerogwa.

Kuhusu Aurélie, barua yako niliipata Jumatatu na gazeti hili linatoka Ijumaa. Kama ulikuwa unangoja ushauri wangu ndipo umjibu, basi binti wa watu amekaa na swali lile siku nne, na jibu lako amekwisha kulipata. Usimwandikie kitu tena. Vuka mto sasa hivi, simama mlangoni kwao, umwambie kwa mdomo kwamba unamtaka. Akinyamaza, ngoja wewe.