Sauti Yako Imepata Zizi la Pili

Baba, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima nakutangazia, wewe na wote ulio nao huko, kwamba tangu Jumamosi umehamishwa kutoka Itigi. Uhamisho ni wa sauti tu. Kaburi lako liko palepale, na mbuzi wa jirani bado wanalipalilia.

Ni ule mkanda uliorekodi ukiwaimbia ng'ombe kisimani. Redio ilianza kuutafuna, nikawahi kuupeleka mjini wakaniingizia sauti kwenye kompyuta yangu. Sasa kompyuta nayo imezeeka, inazimika kila umeme ukicheza, na fundi kaniambia nisiitegemee. Nikasikia kwamba siku hizi mtu anaiunganisha ya nyumbani, kwa intaneti, na ghala lililo kwenye kompyuta za watu wa mbali, akaweka vitu vyake huko. Mwalimu mwenzangu alipoanza kunielewesha nikamkatisha. Hilo nilishalijua tangu naswaga ndama. Ulikuwa ukisema, "Ng'ombe wawili kwa Hamisi kule Mitundu, wawili kwa shangazi yako Kilimatinde. Hapa nabaki na hawa wakorofi." Ugonjwa ulipoingia zizini kwetu, wa Mitundu ndio walionisomesha.

Basi nikaunganisha. Anwani, jina, neno la siri, nikakosea, nikarudia. Mwishowe ghala likajitokeza kwenye kioo kama kabati jingine la humuhumu ndani. Nikaivuta sauti yako, nikaiweka humo. Shuleni nimesimulia mpaka hapo tu, na wamenisifu sana.

Wewe sikudanganyi. Nilipoona jina lako huku na huku, nikawaza kifugaji: ng'ombe aliyepelekwa Mitundu halali tena nyumbani. Nikaifuta ya nyumbani. Kisha nikafungua ile ya ghalani nikusikie. Ukaimba kidogo, ukakatika katikati ya jina la yule ng'ombe mwekundu. Mtandao ulikuwa umekata njiani, nusu yako haikufika. Mkanda ulishaliwa. Hukuwa mahali pengine popote.

Mkweo Mariamu akaja, akatazama, akasema, "Umemtupa baba mkwe?" Halafu akauliza kile kipicha cha pipa la taka pale pembeni ni cha nini. Tukafungua. Ulikuwamo, mzima. Ndiyo, ulikaa kwenye pipa la taka, niwie radhi.

Safari hii nikangoja hadi ukafika mzima, na ya nyumbani sikuigusa. Halafu nikafuata desturi yako. Hukuridhika na salamu za Hamisi hata siku moja, ulikwenda Mitundu kumwona ng'ombe kwa macho yako. Nami nikapanda basi hadi Singida mjini, nikaingia kwenye duka la intaneti, nikafungua ghala kwa mashine ya watu. Ukaimba mpaka mwisho, ukakohoa, ukauliza, "Hii redio bado inanisikiliza?"

Pumzika, Baba. Naahidi nitakuwa nakuja kukutazama huko, na wajukuu zako watakusikia kabla Kinyaturu hakijawatoka.

Mkweo nimemwambia nilichelewa kwa sababu ya basi. Ukweli ni kwamba kukuhakiki kulikwisha mapema. Nilibaki kwenye kiti hadi mwenye duka akaja kuuliza kama mashine imekwama. Nikamwambia hapana, namsikiliza mzee wangu.

Mwanao.