Maji ya Masalu

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimetoka kwenye rozari, miguu inauma. Nimemkuta Revocatus, yule kijana wa kupima maji, ananingoja na boksi lake la barafu. Shikamoo ya heshima, lakini hata soda hakutaka. Anapima mto wetu sehemu tatu – juu kwenye kalavati, hapa katikati kwa Masalu, na chini unapoingia ziwani. Tangu watu waanze kuharisha mtaani tumekatazwa kunywa maji ya mto mpaka vipimo vitoke.

Kwa Masalu! Mume wangu yuko kaburini mwaka wa pili, jina lake bado linanywesha watu. Lile birika la mawe na kokoto la kuchujia maji ya mto, na bomba lake, alijenga mwenyewe, kifua kikiwa kimeshaanza kumbana. Alisema, mke wangu, sina shamba la kukuachia, nakuachia maji.

Nimepewa chupa. Nichote alfajiri, Revocatus ataipitia. Ee Mungu, yawe safi. Kwaresima hii sikuombi lingine.

Jumanne, 11 Machi

Nimechota.

Ile chupa ilikuwa na unga mweupe chini, kama chumvi. Sijui imeshikwa na watu wangapi huko ilikotoka! Kwetu humpi mtu chombo bila kukisuuza. Hata mgeni unamsuuzia kikombe mbele ya macho yake, aone. Nikaumwaga ule uchafu, nikaisuuza chupa kwa maji niliyotia dawa ya kuulia vijidudu. Nikarudia tena. Ndipo nikakinga bombani kwa Masalu. Ikang'aa!

Alhamisi, 13 Machi

Safi! Maji ya Masalu ni safi!

Majibu yametumwa kwa mwenyekiti wa mtaa, naye katangaza kwa kipaza sauti. Kalavati – machafu. Ziwani – machafu. Kwa Masalu hakuna hata kijidudu kimoja cha kinyesi. Vigelegele! Ndoo zimepangwa mpaka barabarani. Bernadeta wa kwaya kanitania, eti mumeo alikuwa mbishi tangu akiwa hai, kumbe hata vijidudu kavibishia vikanyoosha mikono. Nimecheka mpaka machozi.

Jirani yangu Mwaija kafuturu kwa maji yale. Kasema, Mama Pius, hii ndiyo sadaka isiyokatika, mzee anaandikiwa thawabu hukohuko aliko. Mjukuu wake Nasma kanywa kikombe kizima, kafutia mdomo kwenye kitenge changu. Mtoto yule!

Lala salama, Baba Pius. Wanakunywa.

Jumamosi, 15 Machi

Revocatus karudi. Hana raha. Anauliza, mama, ni mto gani unachafuka juu, unatakata katikati, halafu unachafuka tena chini? Nikamwambia kokoto za Masalu zinachuja. Akasema hazichuji kiasi hicho. Ulichotaje?

Nikamweleza yote, tena kwa kujivuna. Unga nilivyoumwaga, dawa niliyosuuzia.

Akavua kofia. Akasema taratibu kama anayeleta taarifa ya msiba – mama, ule unga ndio unaozima dawa. Umeumwaga, dawa ikabaki, ikaua vijidudu humohumo kwenye chupa. Tulichopima ni usafi wako, si mto.

Kachota upya mwenyewe, kaondoka. Mwenyekiti kaenda msibani Magu, simu yake haipatikani. Basi nikaenda mimi kwenye foleni. Jamani, ngojeni kidogo, wanarudia kupima. Bernadeta akadakia – haya, mjane kaanza kutubania maji ya mumewe! Wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao. Sikusema kuhusu chupa. Nilijiambia labda majibu yatarudi yaleyale.

Walijaza ndoo wote.

Jumapili, 16 Machi

Nasma anaharisha na kutapika. Wamempeleka hospitali.

Sikupokea komunyo. Nilibaki nimekaa kwenye benchi, Rose na Suzana wa rozari wakanirukia magoti kupita kwenda kupokea.

Jumatatu, 17 Machi

Revocatus kaja mchana, kanionyesha picha kwenye simu. Kisahani cha kupimia maji ya kwa Masalu kimejaa vidoa vya buluu, kama upele. Kinyesi, mama. Sawasawa na kalavati. Kesho analifunga bomba, anasimamisha kibao cha hatari.

Nikamuuliza, na jina la mume wangu utaliandika? Akaangalia chini. Akasema, mama, watu wanapajua hapa kwa jina hilo tu.

Masalu wangu. Ulibeba mawe yale mojamoja, unakohoa, unapumzika, unabeba tena. Nikikuuliza unanijibu, utanikumbuka ukichota. Nami kwa mikono yangu, kwa kupenda kwangu usafi –

Nilikuwa najifunga kitenge niende kwa Mwaija kumwambia. Kanitangulia. Yuko uani.

Macho yamemvimba, lakini anatabasamu. Anasema Nasma kafumbua macho, anataka maji. Ya hospitali anayakataa, anasema yana chumvi, anataka ya babu Masalu. Nikamwambia, ngoja Mwaija, nakuja. Nikaingia chumbani. Nimekaa kitandani naandika, kwa sababu mdomo wangu haufunguki. Bikira Maria, ufungue.

Kaja na chupa yake. Namsikia anaisuuza kwenye pipa langu. Anaitikisa, anamwaga. Anarudia. Hata mimi nisingeisuuza zaidi ya hapo.

Sasa anaita – Mama Pius, usijisumbue, natangulia bombani!

Geti limelia.

Masalu, nisamehe. Natoka kwenda kulichafua jina lako. Mwaija! Mwaija, ngoja –