Meza ya Mwepu Sokoni

Avenue Kisale,
Kamina,
tarehe 14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Gloire,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote huko Likasi. Je, mmeamkaje? Mgongo wa shemeji Jérémy umepoa? Na Mira, alifaulu mtihani wake wa serikali? Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Huku vumbi la kiangazi limetuingia mpaka kwenye sahani.

Ningekupigia simu, lakini mtandao unakatika kabla hatujamaliza salamu. Kwa hiyo barua hii nampa jirani yangu Jessé, anayepanda treni kesho.

Nianze na bustani. Mlipoondoka ninyi nyote baada ya kumzika wifi yako Mwepu, nilikaa tu nyumbani. Mwezi wa tano, mvua zilipokwisha, nilipita kule bondeni kwenye bustani ya chama cha akina mama, nikakuta mboga za mke wangu, zile lengalenga, zimelala chini kwa kiu. Nikaazima ndoo, nikachota maji. Kesho yake nikarudi. Unanijua, nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na moja, mboga sizijui. Lakini kumwagilia asubuhi na jioni kunahitaji miguu tu.

Zilipokomaa nikazipeleka sokoni, kwenye meza yake Mwepu. Akina mama walicheka mafungu yangu. Mwenyekiti wao, Mama Marthe, alisema nimeyafunga kama mtu anayefunga mbuzi, akanionyesha namna ya kufunga.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wateja. Kila mmoja alikuja na swali lilelile: "Papa, mama yetu iko wapi?" Nikawa nawaambia mmoja mmoja kwamba alishakufa. Wiki mbili za kwanza nilikuwa narudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya mazishi.

Lakini nao walianza kunisimulia habari zake. Mmoja aliniambia kwamba Mwepu alikuwa akiigiza sauti yangu ninavyomkaripia jogoo, na meza zote zinacheka. Miaka yote hiyo sikujua. Nikawa nangoja asubuhi ifike, Gloire, niende kusikia jambo jingine juu ya mke wangu.

Kuna mama mmoja anaitwa Ngalula, mke wa askari wa kambi ya Base, mtu wa Kasai. Alikuwa amekwenda kwao Kananga kujifungua, hakuwa na habari. Aliporudi alikuja moja kwa moja mezani na mtoto mgongoni, akauliza kama wengine. Nilipomjibu alikaa juu ya matofali akalia, watu wote wakimtazama. Alikuwa amemletea Mwepu kitambaa cha kichwa. Akanipa mimi. Nimekiweka sandukuni pamoja na nguo zake.

Sasa nikuambie lililonipata. Mwezi uliopita chama kilikutana, na Ngalula alikuwepo, maana sasa ana tuta lake. Mama Marthe aliniita mbele, akasema polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Papa Nkulu, hatuna neno mubaya na weye. Lakini meza ni ya bamama. Bamume yetu banaanza kusemasema, asema mwanaume anashinda na bibi zabo siku muzima."

Sikukasirika. Kama Mwepu angekuwa hai na mwanaume akashinda karibu naye kila siku, hata mimi ningesema. Niliuliza tu, "Na matuta?"

"Matuta itabaki ya kwako."

Ngalula akanyoosha mkono. "Miye njo nitauzisha mboga yake," akasema. Wote wakakubali, na mimi nikashukuru, kwa sababu walikuwa wananitendea wema.

Basi ndivyo ilivyo. Navuna alfajiri, Ngalula anapita kuchukua, halafu mimi narudi nyumbani. Juzi jioni jirani alinisalimu, na nilipojibu sauti ilikwama kooni. Nikagundua kwamba tangu Ngalula alipopita asubuhi sikuwa nimesema neno hata moja.

Jumamosi nilishindwa kukaa. Nikavaa koti, nikaenda sokoni kama mnunuzi. Nikapanga mstari mbele ya meza ya Mwepu, na zamu yangu ilipofika nikaomba fungu moja la lengalenga. Ngalula alinitazama. Zilikuwa zangu, nilizikata mwenyewe asubuhi ile. Hakucheka. Alichagua fungu taratibu, akalikung'uta maji, akalifungua na kulifunga upya, akaniuliza habari za nyumbani, ili nisimame pale kidogo zaidi. Kesho nitakwenda tena.

Uliniuliza kama nitahamia kwenu. Siwezi kuyaacha matuta bila maji. Lakini wewe, mvua zikianza, njoo. Usijisumbue kuleta zawadi, ila usije kwa siku mbili tu.

Nisalimie Jérémy, Mira, na Mama Bolingo jirani yenu aliyetupikia kwenye matanga. Mungu awalinde mlalapo na muamkapo, asipunguze hata mmoja mezani penu.

Mimi kaka yako nikupendaye,

Nkulu